Sifuri ya Sabine

Sabine alifundisha hesabu miaka kumi na minne katika sekondari moja ya Uvira, mpaka vita vikamfukuza. Huko Toronto, Kanada, kazi aliyoipata ilikuwa ya kuogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia, mtaa wa Scarborough. Vyeti vyake viliungua Kongo, kwa hiyo chuo cha jamii kilimwambia aanzie chini kabisa: historia ya utangulizi na hesabu za utangulizi. Akameza mate, akakubali. Wanafunzi wenzake walikuwa rika la binti yake.

Wiki ya sita karatasi yake ya mtihani wa hesabu ikarudi na sifuri. Mwalimu Calvin alikuwa ameandika chini yake: njoo ofisini.

"Majibu yote ni sahihi," Calvin alisema bila kumkaribisha kiti. "Umemaliza kwa dakika ishirini. Na njia hizi si nilizofundisha."

"Ndivyo tunavyogawanya kwetu. Kigawanyo tunakiandika kulia."

Calvin akavuta droo, akatoa karatasi nyingine. Sabine aliitambua mara moja. Ilikuwa insha yake ya historia, kuhusu Wakongo waliokatwa mikono na wakoloni kwa sababu ya utomvu wa mpira.

"Nimeiomba kwa mwalimu wako wa historia. Mtu wa Kiingereza hiki hawezi hesabu zile. Nani alikusaidia?"

Masikio ya Sabine yaliwaka moto. "Umeisoma hiyo insha, au umehesabu makosa tu?"

Calvin akaifungia insha kwenye droo. "Nimeandika kwenye faili lako kwamba umeiba majibu; rudia mtihani, au sifuri ibaki."

Nyumbani, mumewe Josaphat alimsihi. "Mama Aurore, rudia tu mtihani. Sisi ni wageni hapa."

"Wageni wa miaka tisa? Nikirudia nimekiri kwamba niliiba. Sirudii!"

Usiku ule hakula. Asubuhi akaandika malalamiko kwa mkuu wa idara, Bi Shenaz.

Kikao kilifanyika Jumatatu, katika darasa tupu. Sabine hakungoja kuulizwa. Aliichukua kalamu ya ubao.

"Nipeni swali lolote."

Calvin akachagua moja la mwishoni kabisa mwa kitabu. Sabine akalikokotoa hatua kwa hatua, kwa sauti. Katikati Kiingereza kikamkwama. Akaendelea kwa Kiswahili, kalamu ikigonga ubao kwa hasira. Bi Shenaz, mzaliwa wa Mwanza, akaanza kumtafsiria Calvin. Walipofika kwenye jibu, Calvin alikuwa mwekundu hadi shingoni.

"Sawa," alisema. "Hongera."

"Sikuja kutafuta hongera!" Sabine alitupa kalamu mezani. "Umeniita mwizi. Ondoa neno hilo kwenye faili langu."

"Litaondolewa, mama," Bi Shenaz alisema kwa Kiswahili. "Na alama zako utarudishiwa zote."

"Na yeye hasemi pole?"

Bi Shenaz alimtazama Calvin. Calvin alikuwa akikusanya karatasi zake.

Alama zilirudi, faili likasafishwa. Lakini kanuni za chuo hazikumruhusu kuruka kozi, kwa hiyo Alhamisi Sabine alirudi kwa Calvin, akakaa kiti cha mbele. Josaphat alikuwa amemwambia amshukuru Mungu, yameisha. Kwake yalikuwa hayajaisha. Calvin alifundisha bila kumtazama, na kwenye mstari wa tatu akasahau alama ya kutoa.

Sabine aliliona kosa palepale. Alimwacha ajaze ubao wote hadi chini, ndipo akanyoosha mkono.