Nundu Kwenye Grafu ya Zdenka

Gaspard Monnerat alimfundisha Zdenka kwa viazi. Walikuwa kwenye kantini ya maabara, milima ya Jura imejaa theluji nje ya dirisha, naye akasukuma kiazi kimoja kushoto mwa sahani na kingine kulia.

"Protoni mbili zinakuja uso kwa uso, zinagongana, vipande vinaruka," alisema. "Kabla ya kugongana hakuna msukumo wa kwenda pembeni. Kwa hiyo hata baadaye, ukijumlisha yote yaliyokwenda pembeni, lazima upate sifuri. Mchirizi wa chembe huku, mchirizi kule, ngoma droo."

Zdenka akakichoma kiazi cha kulia kwa uma, akakila. "Na kama kule hakuna kitu?"

"Ndiyo hapo sasa! Msukumo umepotea. Ama kuna kitu kisichoonekana kimeondoka nao, tukapewe medali sote. Ama mtambo wako umelala, na wewe umelala nao. Jishuku mwenyewe kwanza, bibie. Siku zote."

Hakuna mwingine aliyemfundisha. Zdenka Vrabelová alikuwa ametoka Košice kuja kusomea shahada ya uzamivu ya fizikia, na watu wa kundi lake walimwonyesha kiti, nywila na mashine ya kahawa, kisha wakarudi kwenye kompyuta zao. Gaspard ndiye aliyekaa naye kila asubuhi, akamfundisha kuchambua michirizi, kutupa kelele za mtambo, kuhesabu kilichokosekana. Alikuwa na miaka zaidi ya arobaini na hajawahi kuwa na ajira ya kudumu. Aliishi kwa mikataba mifupi, mke na binti wakiwa Lyon. Utaalamu aliokuwa nao ungewatosha watu watatu, lakini nani anaajiri kwa utaalamu?

Wiki iliyopita bahati ilimwangukia. Kwa desturi yao, sehemu ya data inamotafutwa kitu kipya hufungwa, haruhusiwi mtu kuichungulia mpaka kundi zima likubali, eti macho yasije yakaona yanachotamani. Siku ya kuifungua huletwa keki. Walifungua, wakakuta migongano yenye mchirizi mmoja na pengo kubwa upande wa pili, mingi kuliko ilivyotarajiwa. Profesa Ottavia Brusco, mkuu wa kundi, alimbusu Gaspard mashavu yote mawili. Ijumaa hii Gaspard alikuwa anakwenda Ujerumani kuhojiwa kwa kazi ya kudumu, na picha ya pengo hilo ndiyo ingekuwa mkuki wake.

Ilibaki kazi moja tu, ile ya kuchosha, ambayo kila kundi humwachia mwanafunzi mgeni: kuchora pengo linaelekea upande gani.

"Itakuwa bapa kama meza," Gaspard alimwambia. "Maumbile hayana upande yanaoupendelea. Chora uzoeze mkono, basi."

Haikuwa bapa. Grafu ilikuwa na nundu upande mmoja, kana kwamba kitu kisichoonekana kilikuwa kimechagua mlango wa kutokea. Zdenka alijishuku kama alivyofundishwa. Akapitia programu yake mstari kwa mstari, akaiendesha upya, nundu ikabaki palepale. Ndipo alipoulinganisha upande ule na mtambo wenyewe. Majira ya kuchipua maji ya kupozea yalivuja, na kipande cha mtambo upande huo kikazimwa. Michirizi iliyoingia pale haikupimwa kabisa. Programu ya Gaspard iliendelea kukihesabu kipande hicho kuwa ni kizima.

Jumatano akabeba kompyuta hadi ofisini kwa Gaspard. Gaspard aliitazama grafu, na uso ukamshuka.

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe tu."

Akaenda kufunga mlango. "Zdenka, sikiliza. Ijumaa nahojiwa. Jumatatu, kwenye kikao cha makundi yote, nitasema mwenyewe. Mimi, kwa mdomo wangu. Nakuomba siku hizi chache tu."

"Lakini utawaonyesha kitu unachojua ni cha uongo."

"Nitawaonyesha kitu ambacho bado kinachunguzwa. Si kinachunguzwa?" Akajaribu kucheka. "Binti yangu ananiita mjomba, kwa nilivyo mgeni nyumbani, unajua? Kwa utani. Lakini ananiita hivyo."

Moyo ulimuuma Zdenka, akakubali. Angefanya nini, mwalimu wake wa pekee amesimama mbele yake karibu kulia?

Ijumaa Gaspard akapata kazi. Jumatatu akaja kikaoni amenyoa, ana tai mpya, akaketi mwisho wa meza. Zdenka akamsubiri. Kikao kikaanza, wakaongea habari za zamu na hifadhi ya data, na Gaspard anakoroga kahawa tu. Kisha bwana mmoja wa kundi shindani akaomba nafasi, akarusha ukutani grafu waliyoichora wao wenyewe. Nundu ileile.

"Upande wa maji yaliyovuja," alisema, na furaha yake ilimshinda kuificha. "Poleni kwa keki."

Watu wakacheka. Profesa Ottavia hakucheka. "Nani alikuwa na kazi ya kuangalia mwelekeo?"

Kijiko cha Gaspard kikasimama.

"Zdenka," alisema, akiitazama kahawa. "Iko mkononi mwake tangu wiki iliyopita."

Na kila neno lilikuwa kweli! "Nilimwonyesha Jumatano," Zdenka alisema. "Nilimpelekea ofisini. Akaniomba ninyamaze."

"Kuna ujumbe wowote?" Ottavia aliuliza. "Barua pepe?"

"Nilimwambia kwa mdomo."

"Gaspard?"

"Tuliongea mambo mengi Jumatano," alisema Gaspard. "Bado anajifunza. Msimlaumu sana."

Huruma hiyo ndiyo iliyommaliza. Kabla ya chakula cha mchana Zdenka alikuwa ameondolewa kwenye uchambuzi, na tasnifu yake imeondoka nao. Akapangiwa zamu ya kuchunga mabomba ya maji ya kupozea, mpaka hapo watakapomwona amekomaa.

Gaspard alikuja kumuaga mwisho wa mwezi, na chokoleti mkononi. Akamkuta mbele ya skrini za mabomba.

"Pale hakukuwa na njia nyingine," alisema. "Kwako ni mwaka mmoja umepotea, wewe bado kijana. Kwangu ilikuwa yote. Na usisahau, nilikufundisha vizuri."

"Ulinifundisha vizuri sana," Zdenka alisema. "Uliniambia nijishuku mwenyewe kwanza. Nikajishuku, nikamaliza. Nikaja kwako."

Gaspard akaweka chokoleti mezani, akatoka. Zdenka akageukia skrini. Maji yalikuwa yanapita sawasawa kwenye mabomba yote, akaandika hivyo.