Kuwasha Moja kwa Moja

Saa mbili asubuhi meneja wa kituo cha pampu alikuwa na michoro miwili mezani, na uamuzi ulimchukua dakika nne. Mchoro wa kwanza ulionyesha mota mbili kubwa za pampu zikiwashwa polepole, kwa nusu dakika. Wa pili ulionyesha zikiwashwa moja kwa moja, kwa kishindo.

"Tukiziwasha moja kwa moja, kila mota itavuta umeme mara sita ya kawaida," alisema fundi umeme. "Laini hii ndiyo inayolisha mtaa wa bondeni, na haina ubavu huo. Itakachopungukiwa itachukua kwa watu."

"Watu gani?"

"Wa bondeni, bosi. Na vifaa vya kuwashia polepole viko stoo, makasha hata hayajafunguliwa."

"Mgeni rasmi abonyeze kitufe, halafu asimame nusu dakika kama anayengoja chai? Usinitie aibu, fundi."

Akasaini mchoro wa pili.

Siku ya uzinduzi maji yalipanda kilimani papo hapo, na watu wa kilimani wakapiga makofi. Bondeni, ambako bomba halikupita, kila pampu ilipowaka taa zilififia sekunde tatu na kila mtu akazeeka wiki moja.

Kucha ndizo zilizotangulia kuonyesha. Pampu zilikuwa mbili na kila moja iliwashwa mara moja kwa siku, kwa hiyo siku moja ya bondeni ilikula wiki mbili. Mwalimu mkuu wa bondeni aliomba madawati makubwa. Katika miezi sita wanafunzi wa darasa la nne waliota ndevu, wakaenda kuomba vitambulisho, wakarudishwa kwa kuwa vyeti vyao vilisema wana miaka kumi. Wazee walizikwa kwa zamu.

Fundi aliishi kwenye nyumba za kituo, zenye laini yao ya umeme, kwa hiyo yeye hakuzeeka. Mdogo wake wa kike, waliyepishana miaka saba, alikuwa mshonaji bondeni.

"Hama," alimwambia.

"Niende wapi? Kilimani hawapangishi watu wa huku. Wewe zima mashine zako."

Lakini kilichozeesha watu kilikuwa kuwasha, si kuzunguka, na kila kuzima kulidai kuwasha tena. Fundi akaziacha pampu zikizunguka siku nne mfululizo, na bondeni wakazeeka siku nne tu, kama binadamu wengine. Tangi likafurika, bustani za kilimani zikajaa maji, na barua ya onyo ikamfikia siku ya nne, akarudia kuzima na kuwasha.

Akaenda kwa meneja. Meneja hakubisha.

"Najua wanazeeka, takwimu ninazo. Ila nikisaini mchoro wa kwanza leo, nimeandika kwa mkono wangu kwamba nilikosea. Umeona wapi?" Kisha akaagiza tangazo libandikwe: wakazi wa bondeni wakae chini saa kumi na mbili kamili asubuhi, pampu zinapowashwa, ili wasianguke.

Mwezi wa saba fundi alimkuta mdogo wake amevaa miwani, akitafuta tundu la sindano.

"Shikamoo," akasema.

"Unanikejeli?"

"Nimepiga hesabu. Umenipita Jumanne."

Mshonaji akaweka sindano chini. Alimtazama mtu aliyewahi kumbeba mgongoni.

"Marahaba," akajibu. "Haya, kama mimi ndiye dada mkubwa, sikiliza ninavyokuagiza. Kesho usiwashe."

"Dada, nisipowasha mimi, atawasha mwingine."

"Mimi si mtoto, hilo nalijua. Awashe huyo mwingine. Asiwe ndugu yangu."

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro dakika moja, bondeni walikaa chini. Fundi alisimama mbele ya kitufe, mikono ameikunja kifuani. Saa kumi na mbili ikafika, ikapita. Meneja akatoka ofisini na kikombe chake mkononi, akamzunguka, akabonyeza kwa kidole kimoja. Kazi yenyewe haikuhitaji ufundi wowote.