Aliyemo Ndani ya Simu ya Doña Hilaria

Niligusa alama ya mipangilio, nikasubiri. Kioo kikawa cheupe, kikabaki cheupe, kisha ukurasa ukafunguka kidogo kidogo kama pazia lililokwama. Doña Hilaria alikuwa ameketi mbele yangu kwenye kigoda, kofia yake ameipakata, macho yake yapo kwenye vidole vyangu.

"Kwenye picha usiende," alisema.

"Siendi, Doña."

"Na ujumbe usisome."

"Sisomi."

"Sasa unatafuta nini humo muda wote huu?"

"Natafuta kinachoifanya iwe nzito."

"Si nimekwisha kukwambia? Kuna mtu humo."

Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kwenye banda lake la chuño, na vumbi jeupe la viazi vile vikavu lilikuwa bado kwenye mikunjo ya sketi zake. Simu ilikuwa ya mtumba, aliyoinunua mwenyewe kwenye mnada wa Alhamisi hapa El Alto, mji wetu wa milimani, na kwa muda mrefu haikumsumbua. Tangu Kanivali imekuwa nzito. Akiandika neno, herufi zinakuja amekwisha kusahau alichotaka kuandika. Akipigiwa, simu inalia, jina halionekani. Inapata moto kifuani mwake anamoiweka, na chaji inakwisha kabla ya supu ya mchana.

Mengi ya hayo nayaona kila siku. Ila Doña Hilaria alikuwa ameyaunganisha yote kwa uzi mmoja, na uzi huo ulikwenda hadi kwa Danitza, mke wa mwanawe Wilmer. Danitza ni mtu wa Montero, nyanda za joto, na huku juu mtu wa huko hasamehewi upesi.

"Ameniwekea mpelelezi," alisema. "Nikiingia jikoni, ananyamaza. Nikitoka, namsikia anaongea. Juzi sokoni nilisema supu yake ni maji ya kuoshea vyombo. Jioni hakupika. Nani alimwambia?"

"Labda aliliona bakuli lako halijaguswa."

"Wewe fundi au wakili wake?"

"Fundi, Doña."

"Basi fanya ufundi. Kesho wasimamizi wa ndoa yao wanakuja nyumbani. Nimekwisha kuwaita. Nataka niwawekee mezani kitu cha kuonekana, siyo maneno ya mama mkwe. Wakikiona, msichana anafunga virago, anarudi kwao kwenye mbu."

Nilijua uzito wa jambo hilo. Wasimamizi hawaitwi kwa mchezo. Wao ndio waliosimama na vijana kanisani, na wakikaa kuamua, Wilmer atalazimika kutii. Na neno watakalolifuata kesho lilikuwa litoke kwenye meza yangu, katikati ya bisibisi na vioo vilivyopasuka.

Ufundi huu hakuna aliyenifundisha. Nilinunua simu zilizokufa mnadani, nikazifungua, nikaziua mara ya pili, hadi moja ikafufuka. Nilichojifunza ni kwenda kwa mpangilio. Kwanza nazima na kuwasha. Kisha naangalia kilichoachwa wazi, halafu nafasi, halafu betri. Bisibisi ni mwisho. Nikiruka hatua, najidanganya mwenyewe.

Nilizima, nikawasha. Ikawa nyepesi kwa muda mfupi, kisha ikazama tena. Kilichoachwa wazi kilikuwa kidogo, nikaenda kwenye nafasi. Ilikuwa imejaa pomoni. Picha zilikuwa chache na video hakuna. Kilichokula karibu yote kilikuwa sauti.

Nikafungua kinasa sauti. Rekodi zilishuka moja chini ya nyingine, ndefundefu, siku baada ya siku.

Kidole changu kikasimama juu ya kioo. Naye alikuwa akikitazama.

"Umemwona," alisema polepole.

"Nimeona sauti. Simu imekuwa ikinasa."

"Inaninasa mimi?"

"Inanasa kilicho karibu nayo. Ikijaa inakuwa nzito, na kwa kunasa mfululizo inapata moto."

Alivaa kofia yake na kusimama. "Imetosha. Niandikie hapo kwenye karatasi, weka muhuri."

"Sina muhuri, Doña. Na bado sijajua nani aliiwasha."

"Mimi najua."

Kusema kweli, wakati ule hata mimi nilimshuku. Siku chache kabla, Danitza alikuwa amekuja kununua kava. Akashikashika vitu vya mezani bila kuvitazama, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Eti fundi, alama nyekundu ikiwa juu ya kioo, simu si inakuwa inanasa sauti?" Nikamjibu ndiyo, mara nyingi. Akalipa, akaondoka bila kungoja chenji. Swali lile lilinirudia sasa, na halikunipendeza. Lakini swali si kosa. Nikaliweka kando.

"Ya kwanza ni ya Jumanne ya Kanivali," nilisema. "Ukiniruhusu tusikilize. Ukikataa, naiacha."

Alitazama mlangoni, akavuta kigoda karibu. "Polepole. Majirani wana masikio."

Kwanza ilikuwa mikwaruzo ya nguo, kisha fataki. Ngoma kwa mbali, kama kila mwaka siku hiyo tunapomnywesha Pachamama, mama wa ardhi, kwa kuimwagia mali bia. Sauti ya Wilmer ikicheka. Halafu msichana, kwa lafudhi ile ya kuimbaimba ya watu wa chini: "Mama, tayari imelowa. Usiimwagie tena, itaharibika!"

Na juu yake sauti nyingine, kali: "Kushoto nimemwaga, kulia je? Pachamama hanyweshwi upande mmoja. Banda limekunywa, mzani umekunywa, na simu ni mali vilevile. Mali isiyonyweshwa haikai na mtu. Lete bia!"

Kikafuata kishindo cha chupa, mmiminiko mrefu, na kicheko cha watu.

Doña Hilaria alisikiliza shingo ameikunja upande. "Ni mimi huyo?"

"Ni wewe."

"Sauti yangu ni nyembamba hivyo?"

"Simu huipunguza kidogo."

Aliwaza. "Lakini umemsikia alivyowahi kusema itaharibika? Kama aliyejua."

"Bia kwenye simu, Doña. Hata mimi ningejua."

"Weka nyingine. Ya karibuni."

Niliweka. Ilikuwa sokoni, kifuani mwake, na kila neno lilisikika wazi. Alikuwa akimwambia jirani yake wa banda kwamba mkwe wake hajui kumenya kiazi, kwamba anafua kama anayempapasa paka, kwamba Wilmer alilishwa kitu. Jirani akasema eeh, eeh. Akaendelea. Hakupumzika hata kumhudumia mteja aliyekuwa akiuliza bei.

"Zima," alisema.

Nilizima. Nikarudi kwenye mipangilio, nikapitia programu zote, kisha mpangilio wa kitufe cha pembeni.

Ndipo nikaona nimefika kwenye betri. Ni simu ya zamani kidogo, ya zile ambazo mgongo wake hufunguka kwa kucha. Nikatoa betri, ambayo ilikuwa bado ya moto, nikaiweka mbele yake. Kitufe cha pembeni nilipokibonyeza kiliingia ndani, na hakikurudi. Nikakichokoa. Ukingoni kulikuwa na utando wa kahawia kama asali iliyokauka, na ndani yake, kimenasa kwa bia, kipande cha karatasi ya kijani kilichokatwa mviringo, kimoja cha vile tunavyorushiana vichwani siku ya kunywesha mali.

Nilikishika kwa kibano, nikampa akione.

"Aliyeiuza, au mwenyewe wa kwanza, aliweka kitufe hiki kiwashe kinasa sauti," nilisema. "Labda alikuwa mwanafunzi, sijui. Kilikuwa hivyo siku zote, ila hukukigusa. Ulipoimwagia mara ya kwanza ukaifuta, ukakibana. Tangu hapo kimeganda. Kila ukiiweka kifuani, kinajibonyeza chenyewe."

"Hayo ni yako. Umeona kwa macho?"

"Mpangilio nimeuona. Bia naiona. Aliyekibana sikumwona. Siwezi kuapa. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna programu ngeni humu, wala sauti hizi hazikutumwa kwa mtu."

Alikinusa kile kipande cha karatasi. Kisha akarudi pale pale alipoanzia. "Basi kwa nini ananyamaza nikiingia? Mtu asiye na hatia hanyamazi."

Hapo nilisita. Habari za mteja mmoja simpelekei mwingine. Lakini kesho watu watakaa kumhukumu msichana kwa kunyamaza, nami ninalo la kusema.

"Danitza alikuja hapa," nilisema.

Uso wake ukabadilika. "Lini? Na umenyamaza muda wote huu!"

"Sikujua aliuliza simu ya nani. Aliuliza kama alama nyekundu juu ya kioo maana yake simu inanasa sauti."

"Unaona!"

"Doña, anayetega haulizi alama ya mtego. Alama hiyo aliiona wapi? Simu ya nani ina alama nyekundu nyumbani kwenu?"

Aliivuta simu karibu, akaigeuza. Nje mama muuza api, uji moto wa mahindi, alipita akiita wateja, hadi sauti yake ikapotea barabarani.

"Alidhani namnasa mimi?"

"Ndivyo ninavyofikiri sasa."

"Mimi! Nimnase nisikie nini? Msichana hasemi kitu!"

"Hasemi tangu lini?"

Alisugua vumbi la chuño kwenye goti lake, likaenea zaidi. "Tangu Kanivali," alisema.

Nilidondoshea spiriti kwenye nafasi ya kitufe, nikasugua kwa brashi laini. Utando ulilegea kidogo tu. Nikamweleza kwamba itabidi spiriti ilale humo na ikauke, kesho nisugue tena, nibadilishe mpangilio wa kitufe, ndipo tufute sauti na kuona kama wepesi umerudi. Nikisema imepona leo nitakuwa nakisia.

"Usifute kitu," alisema. "Hiyo ya Jumanne, asikie mwenyewe. Kesho asubuhi nitakuja naye."

"Na wasimamizi?"

"Wamekwisha kuitwa, na kuku nimenunua. Watakula. Nitasema nimewaita kula." Alifikiri. "Danitza atapika. Supu nitaionja kwanza."

Alisimama, akaitazama simu iliyo wazi mgongo, kisha akanitazama mimi vile vile kama alipoingia.

"Na wewe, hizo za sokoni usizisikilize."

"Sitazisikiliza, Doña."

"Wote husema hivyo."

Akaichukua betri mezani, akaifunga kwenye leso, akaisukuma kifuani. "Bila hii haiwaki," alisema, akatoka akiwa ameridhika.

Nyuma yangu kulikuwa na droo iliyojaa betri za aina ile ile. Sikumwambia. Niliifunika simu kwa kitambaa ili vumbi lisiingie, nikaisogeza ukingoni mwa meza ikauke.