Viti vya Kuazima

Mkaguzi alikalia kiti cha jirani, akanywa chai kwenye kikombe cha jirani, kisha akaniuliza kwa Kifaransa iko wapi hiyo shida tuliyomwitia.

Nyumba ilikuwa ya kiwanda. Baba mdogo, dereva wao, alikuwa amefariki, na kanuni yao ya Kiingereza ilisema mjane aliye kwenye "hardship", yaani shida, asitolewe. Mkaguzi hakujua Kiswahili. Mimi Kifaransa nilikiokota nikiuzia wasafiri mitumba, basi nikawa mdomo wa wote wawili.

Neno lile la Kiingereza ni gunia, unatia chochote. Kifaransa kinakulazimisha uchague. Misère ni ufukara wa kutupwa. Privation ni kukosa vitu vya lazima. Épreuve ni mtihani wa maisha, hata tajiri unamfika.

"Mwanangu," mama mdogo alininong'oneza huku akimtabasamia mgeni, "usije ukaniita fukara mbele za watu."

Vyombo vyake vilikwishauzwa kimoja kimoja mumewe akiumwa. Lakini mgeni akae chini, kwake? Tangu asubuhi alikuwa akiazima: viti, zulia, birika, hadi pazia.

Nikasema épreuve.

Mkaguzi akalitazama zulia. Akasema kwa upole kwamba hayo humpata kila mtu, na kuna wafanyakazi wanaoingojea nyumba. Akafunika kalamu. Nilifungua mdomo nitoe neno jingine, mama mdogo akanikazia jicho, nikalimeza.

Dirishani alikuwa ameegemea jirani, kama kawaida yake. Habari ya mtaa haimpiti. Akazunguka, akaingia bila hodi.

"Shoga, nisamehe. Nina wageni, wako njiani. Naomba viti vyangu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mwenzangu. Na zulia."

Mkaguzi akainuka mwenyewe. Viti vikatoka, zulia likakunjwa, pazia likashushwa. Jirani akamsubiri amalize chai, akachukua na kikombe. Yule bwana akabaki kasimama kwenye saruji tupu, akitazama mkeka uliokunjwa pembeni, na ukuta. Akafunua kalamu.

"Privation," alisema. Hakuniuliza.

Mama mdogo anaishi mle mpaka leo. Alimnunia jirani mwezi mzima. "Kaniumbua," kila aliyepita aliambiwa.

Jioni ile nilikwenda kwa jirani kumsaidia kupanga viti. Alikuwa peke yake, kwenye jiko kabandika kisufuria cha mtu mmoja.

"Wageni je?"

"Wako njiani," alisema, akanivutia kiti.