Mbegu ya Shina Moja

Mwaka ugonjwa wa kutu ulipoingia bonde la Kwihara, ngano ya Soud bin Nasor ilikufa imesimama. Majani yalijaa vipele. Ukiyagusa, vidole vinabaki na unga mwekundu kama wa matofali. Wazee wake walilima ngano bondeni humo tangu enzi za misafara, wala hawakupata kusimulia balaa kama lile.

Shina moja tu lilibaki kijani. Soud alilizungushia miiba, akalilinda na ndege mpaka likakauka. Msimu uliofuata alipanda punje zake tu, zikaota safi bila doa.

Habari zikafika kijiji cha ujamaa kilichoanzishwa jirani. Mwenyekiti, Marko, akaja kuomba mbegu, na baada ya misimu michache bonde zima lilikuwa ngano ile moja. Watu waliozoea kumwita Mwarabu sasa walimwita ndugu, na Soud akanenepa kwa furaha.

Yoramu, bwana shamba, ndiye hakufurahi. Alimsihi atunze na mbegu za zamani zilizochanganyika, hata zile zinazougua.

"Kutu nayo inazaa, mzee wangu, na watoto hawafanani," alisema. "Siku akizaliwa atakayeiweza ngano hii, ataikuta imejaa bonde zima."

Soud alimsikiliza kwa adabu. Hakumwambia kwamba mbegu za zamani zilikwisha kusagwa, zikaliwa maandazi ya Idi.

Mwaka wa nne kipupwe kilikuja na ukungu usioondoka. Asubuhi moja Soud alirudi kutoka shambani, na mkewe, Fakhria, akamuuliza alikopita.

"Upindo wa kanzu yako umekuwa mwekundu," alisema.

Soud alitazama chini. Alirudi bondeni, akapekua jani baada ya jani akitafuta shina la kijani, hata moja. Alitafuta mpaka jua likawa la utosi. Ngano yote ilikuwa ya tumbo moja, na yote ilikuwa inaugua.

Aliwakuta wanakijiji wakinoa miundu. Akawaambia mwenyewe. Hakuna aliyemlaumu; waliweka miundu chini, wakatazama bonde.

"Mwakani tutapanda nini?" Marko aliuliza.

Walichoma kila kitu, na moshi ukalala bondeni siku nzima. Mwaka uliofuata walipanda viazi.