Mafuta ya Kukamulia

Cheni ilitoka tena, palepale ilipotokea jana, mlima ukiwa umeanza tu baada ya daraja. Kathambi akashuka, akaegemeza baisikeli kwa nyonga ili mitungi miwili ya maziwa isianguke, akaingiza vidole kwenye gia.

"Nimekukosea nini wewe?" akaiuliza. "Kila jioni nakuosha kama mtoto wa kupelekwa kubatizwa. Nakupaka mafuta. Unataka nini kingine?"

Ilikuwa baisikeli ya milimani, gia nyingi, magurudumu mapana yenye meno. Binti yake Susan aliinunua Embu, akamletea ili aache kubeba maziwa mgongoni. Kathambi hakuwahi kuwa na baisikeli. Alijua ng'ombe. Basi akaitunza kama ng'ombe: maji moto, sabuni, halafu mafuta ya kukamulia, yale ya kulainisha chuchu. Akapaka cheni, akapaka spoki, akapaka hata rimu mpaka zikang'aa.

Mtungi mmoja ulikuwa wake, wa pili wa jirani yake Kinya. Majirani wengine walishahamia pikipiki ya Muthamia iwapelekee maziwa, na jana Kinya alimwambia wazi, "Mama Susan, maziwa yangu yakikosa lori tena, na mimi nitahama. Usinichukie."

Cheni ikarudi. Vidole vilikuwa vyeusi, vinanata, vumbi limeshikana na mafuta kama uji uliopoa. Akajifuta kwa nyasi, akasukuma mpaka juu, akapanda. Huko chini sokoni Kanyakine, lori la maziwa lilikuwa linapiga honi.

Mteremko ukamchukua. Akabana breki. Breki zikabana, magurudumu yakaendelea na safari yao. Akabana tena kwa nguvu zote. Wapi! Akaona ng'ombe wa watu barabarani, akakata kona, akaingia na baisikeli yake ndani ya nepia, majani marefu ya kulisha ng'ombe.

Alipoinuka, kiwiko kinawaka, mtungi wa Kinya ulikuwa umelala bila kifuniko. Maziwa yalikuwa yanaingia mchangani polepole, kama yana ruhusa.

Ndambiri, fundi wa baisikeli mwenye kibanda pale chini, alifika akikimbia. Akaangalia mama, akaangalia baisikeli, akapitisha kidole kwenye rimu. Akanusa.

"Mama, hii si ya kukamulia?"

"Ni mafuta safi! Mapya!"

"Ulikuwa unataka kuikamua?" Akacheka, kisha akaona uso wake, akaacha. "Rimu haipakwi kitu, mama. Breki itashika nini? Na cheni, hii nzito inakula vumbi. Pangusa kwanza, tia mafuta ya cherehani, tone tone, halafu pangusa tena."

"Sasa mbona hakuna aliyeniambia?"

"Uliuliza nani?"

Honi ililia tena. Kathambi akamwachia baisikeli, akachukua mtungi wake, uliobaki mzima, akaanza kutembea, karibu kukimbia, na kila hatua ilimkasirisha.

Kwenye lori, mpokeaji wa maziwa alitia kipimo, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ni mazuri. "Ni ya nani leo?"

Kathambi akausukuma mtungi mbele. "Andika ya Kinya."

"Na yako?"

"Andika tu ya Kinya."

Jioni alikuwa ameketi uani, baisikeli mbele yake, kitambaa mkononi, kiwiko kimefungwa leso. Rimu alishazisugua kwa sabuni mara nyingi. Cheni ndiyo ilimshinda. Kinya akaingia bila hodi.

"Nimesikia ulianguka."

"Maziwa yako yalifika."

"Nimesikia pia ni ya nani yaliyofika."

Kathambi akaendelea kupangusa. Pedali ilipozunguka, gurudumu la nyuma lilikwaruza chini, likakwama. Akalisukuma. Likakwama tena. Akakitupa kitambaa.

"Chuma hiki!"

Kinya akaitazama cheni. "Ya kesho sijui, Mama Susan," akasema. "Sitakudanganya." Kisha akakunja sketi, akachuchumaa, akashika kiti cha baisikeli kwa mikono miwili na kuinua gurudumu likaachana na ardhi.

"Zungusha. Ni nzito hii."

Kathambi akaokota kitambaa, akazungusha pedali polepole. Cheni ikapita kati ya vidole vyake, ikatoka nyeusi, ikarudi, ikatoka nyeusi bado.