Macho ya Shemeji

Lori lilikuwa limeshawashwa, moshi wake ukiingia mpaka jikoni, na wazee wa kambi walikuwa wameshapandishwa wote isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa paka.

"Gari ni la wazee," alisema bwana wa ustawi wa jamii aliyetumwa kuwahamisha, huku akifunga ubao wa nyuma.

"Na huyu ni mzee," Nassibu akamjibu. "Ukitaka mzee kumzidi huyu, labda ukafukue makaburini."

Wazee kule juu wakacheka, wenye meno na wasio nayo. Bwana wa ustawi hakucheka. Alikuwa na safari ya kufika Tabora kwa mafuta ya kuungaunga, na mzee mmoja alikuwa ameshaanza kuomba ashushwe akajisaidie. Akapanda mbele, akabamiza mlango, lori likaondoka. Nassibu akabaki amesimama na tenga la kuku mkononi, paka ndani yake, na vumbi likiwashukia wote wawili.

Kambi yenyewe ilikuwa nje ya mji wa Shinyanga, ukishaupita mtaa wa Kambarage. Ilijengwa kwa ajili ya watu waliokosa wa kuwatunza, na mwaka ule sukari na sabuni zilipoadimika, hata serikali nayo ikashindwa kuwatunza. Ikaamuliwa wakaunganishwe na wenzao wa Tabora. Nassibu alikuwa mlinzi. Kabla ya hapo alikuwa mkata katani, mpiga debe, mchuuzi wa chumvi, mpishi wa makandarasi wa barabara. Mtu wa kukaa mahali mpaka viatu vichakae, kisha akaondoka. Kambini alikaa kuliko popote, na aliyemfanya akae alikuwa Bi Kijakazi.

Bi Kijakazi aliletwa pale na polisi akiwa na jeraha la panga begani. Alikuwa amepikia kuni na mavi ya ng'ombe maisha yake yote, macho yakawa mekundu kama ya mtu asiyelala, na huko kwao macho mekundu kwa mwanamke mzee ni ushahidi tosha wa uchawi. Mumewe alipofariki, ndugu wa marehemu alikuja na vijana wakamtoa ndani ya nyumba. Alipona kwa sababu alianguka kwenye mtaro wakadhani amekwisha.

Paka alikuja kambini mwenyewe, akiwa kijana, akaingia chini ya kitanda cha bibi. Bibi akampa jina la Shemeji.

"Yule mwingine alinitoa nje," alikuwa akisema. "Huyu nikimwita anakuja, nikimfukuza anaondoka, na anakula makombo yangu. Ndiyo shemeji ninayemtaka."

Basi wakazeeka pamoja. Macho ya paka nayo yakaanza kuuma: mekundu, yanatoka machozi na utongo mzito wa manjano. Masikio yakachanika kwa vidonda, meno yakabaki mawili, kifua kikawa kinakwaruza kama mlango mbovu. Kila asubuhi bibi alichovya kitambaa kwenye chai ya rangi iliyopoa, akamfuta. Akishafutwa, wekundu ulipungua, akawa paka tu. Kisha bibi alikichovya tena kile kitambaa akajifuta mwenyewe.

Masika yale bibi alishikwa na homa ya mapafu. Siku moja kabla hajaaga dunia alimwita Nassibu.

"Shemeji asife nje," alimwambia. "Mimi nilitolewa nje, najua kukoje."

Nassibu akaitikia, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Kisha mambo yakawa mengi. Kambi ikaanza kuvunjwa, na paka akawa hana mwenyewe. Akalala kwenye majivu ya jikoni, utongo ukamkaukia, akawa anaparamia masufuria kwa upofu na kurushiwa vijiti. Ilikuwa asubuhi ile ya lori, wakati wa kumtafuta, ndipo Nassibu alipomtazama vizuri akaona aibu.

"Mtie kwenye gunia na jiwe," alisema Tabu, mpishi, akifunga vyombo vyake. "Bwawa lile pale. Unamtesa tu."

"Aliniomba asife nje."

"Nani? Bibi? Bibi yuko chini ya udongo, Nassibu. Huko nako ni ndani au nje?"

Nassibu alichukua kitambaa cha marehemu, akajaza chai kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akambeba Shemeji kwenye tenga, akaingia mjini.

Kambarage hakupata mtu wa kumpokea paka. Mwenye duka la nguo alimtazama paka akasema atamfukuzia wateja. Fundi cherehani alimwonea huruma mpaka Shemeji alipokohoa. Kila mlango aliubisha baada ya kumfuta macho, na kila mlango, maongezi yakirefuka kidogo, macho yalirudia wekundu wake, na mwenye nyumba alirudi nyuma hatua moja. Walisema tu kwamba wana watoto wadogo.

Akamkumbuka Zuleha, binti wa pekee wa Bi Kijakazi, aliyeolewa Nyahanga kule Kahama. Akapanda lori la pamba.

Zuleha alikuwa anachambua mchele barazani. Alimpokea vizuri, akamletea maji, akasema, "Shikamoo, baba," akasikiliza habari za mwisho za mama yake bila kulia. Kisha Nassibu akafungua tenga.

Mwanamke aliinuka akaufunga mlango wa nje kwanza. Ndipo akarudi.

"Kuna aliyekuona unaingia naye?"

"Sijui. Ni paka wa mama yako."

"Naona. Macho ni yake." Alikaa mbali, ungo amejiwekea mapajani kama ngao. "Baba, mimi hapa naitwa mtoto wa yule. Nikichelewa kuamka, wanasema nimetoka usiku. Nikiwahi, wanasema sikulala. Sasa aingie humu paka mzee mwenye macho hayo, anakohoa kama mtu? Watasema mama amerudi. Na mara hii hawatakosea shingo."

"Naweza kukufundisha kumfuta. Chai tu ya rangi..."

"Baba." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ukimwacha hapa, unaniacha mimi."

Alimpa mchele uliofungwa kwenye kanga, akamtoa kwa mlango wa uani. Alipofika kwenye kona Nassibu aligeuka, akamwona Zuleha anafagia nyayo zake.

Dereva mmoja pale Kahama ndiye aliyempa wazo. "Nenda Rwamgasa, kwa wachimba dhahabu," alisema. "Panya wa kule wanakula unga, wanakula viatu. Paka yeyote kule ni mfalme." Nassibu akacheka kwa mara ya kwanza tangu kambini, akapanda tena.

Rwamgasa ilikuwa vibanda vya nyasi na turubai, vifusi vya mawe, na wanaume weupe kwa vumbi la mwamba. Kila kikundi kilikuwa na duara lake, yaani shimo la kuchimbia, na kila duara lilikuwa na habari yake ya mshipa wa dhahabu uliokuwa karibu kuonekana. Nassibu aliingia kwa Mama Klara, aliyekuwa akiuza ugali na samaki. Mama yake Mama Klara, bibi mmoja Mzinza aitwaye Apolonia, alikuwa amekaa kwenye moshi akigeuza samaki wa kukaushwa. Aliinua uso kumwitikia mgeni salamu, na Nassibu akajikuta ameyatazama macho yake kuliko adabu inavyoruhusu.

"Ndiyo, ni mekundu," alisema Mama Klara. "Ni moshi. Paka wako huyo simtaki, baba, usiniombe. Mmoja ananitosha."

"Unaniita paka?" Apolonia akauliza.

"Paka angekuwa anakamata panya, mama."

Watu waliokuwa wakila wakacheka. Mmoja wao hakucheka. Alikuwa anaangalia kwenye tenga. Aliitwa Mageni, kijana wa Kisukuma mwenye mabega mapana, ndiye mkubwa wa duara moja lililokuwa nyuma ya kile kibanda.

"Babu, ni mzee kweli huyu?"

Nassibu alikuwa amezoea kudanganya kidogo juu ya umri wa Shemeji. Safari hii alichoka. "Mzee sana. Ana meno mawili. Panya hakamati, labda awatishe kwa kikohozi."

"Na macho? Ya ugonjwa au yako hivyo siku zote?"

"Miaka sasa."

"Mimi namchukua," alisema Mageni.

Nassibu alidhani hakusikia vizuri. Kisha haraka, asije akaghairi, akatoa kitambaa na chupa yake ya chai amwonyeshe namna ya kumfuta. Mageni akamshika mkono. Alimshika taratibu, kama mtu anavyomshika baba yake.

"Usimfute, babu. Mwache hivyo hivyo."

"Yatamuuma."

"Mwache tu. Tutamtunza. Atakaa ndani, hatalala nje hata siku moja."

Hilo neno ndilo lililommaliza Nassibu. Alimkabidhi tenga, akamkuna Shemeji katikati ya masikio pasipokuwa na kidonda, akatoka nje akapenga kamasi. Jioni ile alikula mchele wa Zuleha, akakubaliana na Mama Klara kumchotea maji kwa chakula na pa kulala, akalala kama mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi alirudi na ndoo, akamkuta Mama Klara hajawasha moto.

"Yule paka wako," alisema bila kumtazama, "ulimpa Mageni kwa kujua?"

"Kujua nini?"

"Duara lao limekauka tangu mvua. Walikwenda kwa mganga. Akawaambia wapeleke chini kizee chenye macho mekundu, kibaki huko huko, ndipo mwamba utafunguka."

"Paka?"

"Hakusema paka. Alisema kizee." Mama Klara alikuwa anasokota pindo la kanga yake. "Wiki nzima hii Mageni anakula kwangu, na kila akila anamtazama mama. Nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo. Jana ulipokuja wewe na tenga lako, nilimshukuru Mungu. Nisamehe."

Nassibu aliweka ndoo chini. Chupa ya chai ilikuwa mfukoni, na kitambaa. Alienda mbio mpaka kifua kikambana.

Tenga lilikuwa mdomoni mwa duara, limefungwa kwenye kamba ya kushushia watu. Shemeji alikuwa ndani, ametulia, macho yamevimba yamefumba nusu, mekundu kama nyama. Wachimbaji walikuwa wamekaa juu ya kifusi wakisubiri jua lipande, kama walivyoagizwa.

"Nimekuja kumchukua," alisema Nassibu.

"Ulishatupa sisi, babu," alisema Mageni.

"Nilimpa pa kukaa. Sikumpa kaburi."

"Nilikwambia atakaa ndani. Sikukudanganya."

Mmoja akacheka, Mageni akamkata jicho. Nassibu alipiga magoti kando ya tenga akafungua chupa.

"Tazameni," alisema. "Haya si macho mekundu. Ni uchafu. Ni ugonjwa kama upele. Namfuta hapa mbele yenu, muone yanavyokuwa. Akishafutwa huyu ni paka tu, na mganga wenu hamjamtimizia kitu."

Mageni alichuchumaa mbele yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajala vizuri kwa muda mrefu.

"Mfute," alisema. "Akiwa paka tu, mchukue, uende naye. Sitakugusa. Lakini mimi nina watu wanne chini ya mkono wangu, na mganga amesema alichosema. Nikikosa haya, nitatafuta mengine." Aligeuza shingo kidogo kuelekea kibanda cha Mama Klara, moshi ulikuwa umeanza kutoka kule. "Nayo hayako mbali. Wewe unayaona, na mimi nayaona."

Nassibu alikuwa na kitambaa kwenye kidole, kimeshalowa. Shemeji aliinusa harufu ya chai. Aliinua uso akausogeza kwenye nyufa za tenga, akasubiri kufutwa kama alivyofutwa kila asubuhi na bibi. Alianza kukoroma kwa kifua chake kile kibovu.

Kule kibandani Apolonia alikuwa anakohoa, anamlalamikia binti yake kwamba kuni ni mbichi.

Nassibu akakikamua kitambaa. Chai ikadondoka kwenye udongo. Akakikunja, akakirudisha mfukoni, akafunga chupa, akainuka kwa kujisukuma magotini.

"Mshushe polepole," alisema. "Haoni vizuri."

"Sawa, babu."

Waliteremsha kamba. Nassibu hakuondoka mpaka ikalegea.

Duara lile lilitoa dhahabu kidogo, kisha likajaa maji, na Mageni akahamia machimbo mengine. Husemekana alifukiwa na wenzake wawili, na husemekana pia kwamba yuko Mwanza ana nyumba. Mama Klara alimrudisha mama yake ziwani wiki ile ile. Apolonia aliishi miaka mingine mingi, akafa kitandani, na hakuambiwa. Zuleha alichomewa nyumba. Alitoka salama na watoto, akahamia Dodoma na kubadili jina. Wazee waliopelekwa Tabora walianza kufa kipupwe kile kile, na waliobaki walitawanywa tena. Tabu alifungua kibanda cha chai stendi ya Shinyanga. Nassibu alipopita hapo baadaye, Tabu alimuuliza kama Shemeji alipata pa kukaa, Nassibu akasema alipata. Akamuuliza alifia nje au ndani, akasema ndani. Tabu akafurahi, akamwongezea chapati.

Nassibu aliendelea kuzunguka, Nzega, Kahama, Geita, akilinda maghala ya watu. Uzeeni macho yake yalianza kutoa machozi. Kila asubuhi aliyafuta kwa chai ya rangi iliyopoa, kwa kitambaa kile kile, kabla hajafungua mlango.